Chombo cha Radi Juu ya Jiko

Msimu huo wa mvula niliogopa vitu viwili kwa pamoja: radi yenyewe, na ukimya wa chombo kilichowekwa juu ya paa la jiko letu la nje ili kuisikiliza.

Kilikuwa sanduku la kijivu, dogo kuliko chungu cha bukari, ugali wetu, na kando yake kibao cha sola kinachong'aa. Mjukuu wangu Glodie ndiye aliyekiweka. Anafundisha fizikia katika sekondari hapa Kamina, na saa nyingine anafanya utafiti. Alinieleza kwa upole, tukichambua sombe, majani ya muhogo, kwamba wataalamu wameruka kwa ndege juu ya mawingu ya nchi za joto, wakakuta mawingu ya radi yanatoa miali isiyoonekana kwa macho, ndugu wa ile inayopiga picha ya mifupa hospitalini. Hawakutegemea kuikuta kwa wingi namna ile. Na kwa kuwa anga letu lina radi kupita nchi nyingi za dunia, wakubwa wa tume ya utafiti waliamua kwamba safari hii vipimo vichukuliwe na watoto wa hapa, visingoje wageni.

Lakini sera hiyo mpya ilikuwa na sharti. Kituo ambacho vipimo vyake vina mapengo kingefungwa, na chombo kupelekwa Lubumbashi. Chombo kikienda, Glodie angekifuata, au angeacha kazi aliyoianza. Nimemlea tangu mama yake alipofariki. Sikumwambia asiende. Nilianza tu kumpikia kila siku kama mtu anayesafiri kesho.

Na mapengo yalikuwapo. Jua likiwaka, chombo kiliandika vizuri. Hata mvula ndogo za usiku kilizipata. Lakini mvula kubwa za huku hushuka alasiri, na kila zilipokuja, chombo kilinyamaza. Zikishapita, kinaanza tena kama hakuna kilichotokea. Glodie alikifungua, akasafisha nyaya, akabadilisha betri. Alikonda. Alianza kuongea peke yake akiosha vyombo.

Mimi sikuweza kumsaidia. Radi ikianza, nafanya kama nilivyolelewa: nafunika kioo kwa kikwembe, kitenge changu, nachomoa redio, nashusha pazia, nakaa kimya mpaka ipite. Ya nje siyaoni.

Tunaishi katika nyumba za zamani za reli, familia mbili chini ya bati moja linalofika mpaka jikoni. Ukuta wetu ni ukuta wa Mama Jeannine, ambaye marehemu mume wake alifanya kazi na wangu kwenye magari-moshi. Jioni moja alileta sahani ya samaki wa Bukama, kwa sababu aliona Glodie anarudisha chakula bila kukigusa. Akauliza shida ni nini. Glodie akamweleza kwamba mtu wa tume ya utafiti anakuja wiki hiyo, na chombo kinalala kila mvula kubwa ikija.

Mama Jeannine aliweka sahani chini polepole.

"Lakini minyi njo nakilalishaka," alisema. "Nachomoa waya, nafunika kile kibao, sababu kinang'aa sana, kinaita radi. Mvula ikiisha, narudisha yote."

Nilimtazama goti lake, lile linalovimba. Mwanamke huyo alikuwa akipanda ngazi kabla ya kila mvula ya alasiri, Glodie akiwa shuleni, ili radi isituue.

Glodie alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Mama Jeannine, ile radi njo tunaitafuta."

"Weye unaitafuta. Minyi niko na bajukuu chini ya hii bati."

Glodie alimpeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha waya mnene wa shaba unaoshuka mpaka ardhini, akamweleza kwamba radi ikipiga pale itapita humo na kuzama. Mama Jeannine aliugusa kwa kidole kimoja. Hakubisha. Hakuamini pia, nilimwona.

Papa Kalunga wa tume alifika alasiri yenye joto zito, viatu vinang'aa, saa kubwa ya fedha mkononi. Alikaa mezani petu mbele ya kompyuta ya Glodie, akaona mapengo mara moja, akauliza sababu.

Glodie alisema kilichomolewa kwa mkono, na kwamba kosa ni lake, kwa sababu hakuwaeleza watu wanaoishi chini yake. Aliulizwa ni nani aliyechomoa. Akarudia kwamba kosa ni lake. Nikajua kwamba angeacha kituo kifungwe kuliko kumtaja jirani yetu, na moyo wangu ukaumia kwa ajili ya wote wawili.

Papa Kalunga akasema hawezi kutetea kituo ambacho kila mtu anakigusa.

"Ni minyi, Papa," alisema Mama Jeannine. Alikuwa amesimama mlangoni, kikwembe chake kimekunjwa mkononi, kwa maana mawingu yalishaanza kupanda.

Mgeni alianza kumweleza, kwa heshima, juu ya imani za zamani na elimu ya raia. Radi ikanguruma upande wa stesheni. Bila kukata maneno yake alivua ile saa, akaifunga katika leso, akaitia mfukoni. Sote tulimwona.

"Papa," Mama Jeannine aliuliza taratibu, "hiyo umefundishwa ku masomo?"

Alitazama mkono wake mtupu. Kisha akacheka kwa aibu. "Hapana, mama. Ni ya mama yangu, kule Kabongo."

Hakuendelea na yale mafundisho. Mvula ilianguka juu ya bati. Glodie hakumwomba jirani yetu kitu, alimtazama tu. Mama Jeannine alikuja kukaa kando yangu, kikwembe mapajani.

"Leo sipandi," alisema.

Tulikaa hivyo, kompyuta ikiwaka mbele yetu kwa betri yake, kioo changu wazi ukutani. Mstari wa ile miali kwenye kompyuta ulikuwa ukitambaa chini. Ngurumo ikasogea, mstari ukaanza kuinuka, taratibu, ukazidi kuinuka hata kabla ya radi kupiga. Papa Kalunga alisogeza kiti. Kisha nyumba nzima ikawa nyeupe, bati likatetemeka, Mama Jeannine akanishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Mstari ukaanguka ghafla. Chombo kilikuwa bado kinaandika. Tulikuwa wazima.

Glodie alifunika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Kitabakia hapa mpaka mvula ziishe," Papa Kalunga alisema. "Halafu tutaona."

"Mvula bado nyingi?" Mama Jeannine aliuliza.

Glodie akasema bado nyingi sana.

Mama Jeannine alivuta pumzi. Nje ilinguruma tena, karibu zaidi. Akakikunjua kile kikwembe, akakitandaza juu ya magoti yangu na yake.