Breki ya Joto

Kata iligonga ukingo wa mtungi, mara moja tu, na Bi Batuli akaishika vizuri isije ikaamsha majirani. Alikuwa anachota maji ya kutawadhia. Adhana ilikuwa bado, lakini usingizi ulikuwa umemkimbia zamani. Mwili ulikuwa Rumonge, moyo ulikuwa Bururi, huko juu mlimani, ambako binti yake Riziki alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa mimba ya miezi saba.

Habari aliletewa jana yake na mchuuzi wa maharagwe. Mama hajambo, alisema mchuuzi, na mtoto anapumua, lakini ni mdogo kama kinda na miguu yake haipati moto. Kilikuwa kiangazi, na kiangazi cha Bururi kina baridi inayopenya blanketi mbili. Batuli aliwahi kumlea mtoto wa namna hiyo, wa marehemu dada yake, hapa hapa kando ya ziwa. Alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akamzungushia pamba, na joto la Rumonge likamsaidia kulea. Kwa hiyo shauri lake lilikuwa moja: mtoto ateremshwe. Shida ni kwamba kabla ya kufika mwambao ilibidi avuke baridi yote ya milima, na kiumbe kama yule, baridi ya njiani inatosha kumzima.

Baada ya swala akaenda kwa Alimasi, mwenye gari.

Gari hilo Alimasi alilinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya michikichi, aliyefunga virago miezi michache baada ya uhuru. Lilikuwa jeusi, kioo chake kimoja cha nyuma hakikupanda hadi juu, na lilikuwa na sifa ambayo Alimasi hakuchoka kuisimulia: lilijipimia joto lenyewe. Mlikuwa na shofaji ndani yake, chombo cha kuwapasha abiria moto kwa maji ya injini, na shofaji hiyo haikungoja amri ya mtu. Ilijifungua na kujifunga yenyewe. Watu wa Rumonge, ambao mashaka yao maisha yote ni jua, waliisikiliza habari hiyo kama wanavyosikiliza habari za theluji.

Batuli aliuliza kama inafanya kazi. Alimasi akakohoa kidogo. Alisema ilifanya kazi wakati wa mzungu. Yeye amepanda Bururi mara nyingi, abiria meno yanagongana, na shofaji haikupumua hata siku moja.

Fundi wa magari wa kuaminika alikuwa mbali, Bujumbura. Wakamwita Asmani, fundi wa baiskeli wa pale sokoni. Asmani akaingiza kichwa chini ya usukani, miguu ikabaki nje, akakaa huko muda mrefu akijisemesha. Alipotoka alikuwa ameshika mrija wa shaba, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, wenye kibofu kidogo mwishoni. Alieleza kwamba kibofu hicho ndicho kinachonusa hewa. Hewa ikipoa, kinasinyaa na kuifungua koki ya maji moto. Hewa ikichemka, kinavimba na kuifunga. Hiki kilikuwa kimekwama kwenye kufunga.

Batuli akakichukua akakigeuzageuza kiganjani. Kilikuwa chepesi kama punje ya mtama. Alikisogeza karibu na jicho, akakinusa hata.

"Na mimi nikisikia baridi, hiki kinajuaje?"

"Wewe hakikujui, Mama Riziki," alisema Asmani. "Kinajua hewa tu. Tena ile iliyo karibu nacho."

Batuli alikigeuza tena kiganjani. Alimfikiria mtu wa mbali huko Ulaya aliyekaa akatengeneza kitu cha kuwahurumia abiria asiowajua, akaona ni jambo zuri. Lakini mtu huyo hakumfikiria mtoto wa miezi saba.

"Basi tuondoe hiki kinachojua hewa," alisema. "Tuweke mukono wa mutu."

Alimasi hakupenda. Gari lenye akili lilikuwa hilo moja tu mjini, na sasa wanataka kulitoa akili mbele ya watu. Asmani akamwambia asihuzunike. "Patroni, akili ilitoka zamani. Ilipanda ndege pamoja na mwenyewe." Hata Alimasi mwenyewe alicheka.

Asmani akavunja baiskeli kuukuu. Alitoa waya wa breki, akaupitisha chini ya zulia la gari, ncha moja akaifunga kwenye koki ya maji, nyingine kwenye mkono wa breki. Mkono huo akaufunga mgongoni mwa kiti cha mbele, ili mtu wa nyuma aufikie. Kisha wakajaribu. Ilikuwa adhuhuri. Watu watatu wazima walijifungia ndani ya gari jeusi, injini inanguruma, na Asmani akabana breki. Upepo wa moto ukatoka miguuni, unanuka vumbi na mafuta ya zamani. Watu wa soko wakakusanyika kuwatazama wanaojichemsha wenyewe juani. Mmoja akauliza kama wameshaiva. Batuli alicheka mpaka machozi yakachanganyika na jasho.

Asmani alipoachia, upepo ukapoa. Hapo ndipo alipotambua kosa lake. Alikuwa amefikiri kama mtu wa baiskeli: breki hubanwa, na ikiachwa hurudi. Shofaji hii isingewaka bila mtu kuibana njia nzima. Aliona haya, akasema ataifunga kwa ukanda wa mpira ibaki imebanwa. Batuli akamzuia. Ikifungwa, alisema, itaendelea kuchemka hata mtoto akianza kuungua, na tutakuwa tumerudi kwa chombo kisichojua kitu. Bora hiki kisichofanya kazi bila mtu.

"Na mutu mwenyewe nani?" Alimasi akauliza. "Mimi niko na usukani."

Batuli akasema ni Athumani, mkwe wake, mume wa Riziki.

Batuli na Alimasi walipofika Bururi wakakuta Athumani hayupo. Alikuwa ameondoka asubuhi ile ile kwenda Bujumbura kutafuta gari. Riziki alikuwa amelala, macho makubwa, na mtoto amefungwa vitambaa hadi haonekani. Batuli akamfungua, akamweka kifuani mwake chini ya nguo, akagusa miguu. Ilikuwa kama vijiwe vya mtoni. Kumngojea Athumani hakukuwezekana.

Wakaingia garini, na Riziki akasema atabana yeye. Alibana, na kabla hawajatoka mjini vidole vyake vilianza kutetemeka, kichwa kikamwangukia begani mwa mama yake. Batuli alikuwa amemshikilia mtoto kwa mikono miwili. Alimtazama Alimasi kupitia kioo kidogo cha mbele, na Alimasi naye akamtazama. Upepo wa mlimani uliingia kwa kile kioo kisichopanda.

Kando ya barabara alisimama mtu mwenye koti na mfuko, akanyoosha mkono. Aliitwa Gaspari, mwalimu, alikuwa anakwenda kwa mama yake, mlima wa tatu mbele. Alimasi akamwambia atampakia bure akikubali kushika breki. Gaspari aliuliza kwa upole gari gani hili ambalo breki yake iko nyuma. Batuli akafungua nguo kidogo, akamwonyesha utosi wa mtoto.

Mwalimu akaweka mfuko chini, akabana.

Ndivyo walivyokwenda. Batuli aliweka kidole shingoni mwa mtoto na hakukitoa. Akisema "Bana," Gaspari anabana. Akisema "Achia kidogo," analegeza. Mara mtoto akalowa jasho, mara pua ikapoa kwenye kona zenye ukungu. Baadaye Batuli hakuhitaji kusema. Alitikisa kichwa tu, na mwisho hata hakutikisa, kwa sababu mwalimu alikuwa anaangalia uso wake. Vidole vya mkono wa kulia vilipogoma, akaweka wa kushoto. Alivua koti akaliziba nalo dirisha.

Mlima wa kwanza ukapita, na wa pili. Kwenye wa tatu palikuwa na njia ndogo ya migomba, na Alimasi akapunguza mwendo kwa sababu ahadi ni ahadi. Gaspari akaitazama njia ya kwao. Kisha akanyoosha kidevu mbele, kama mtu anayesema nenda, na Alimasi akaongeza mwendo.

Alishuka walipoanza kuona michikichi na ziwa likiwaka chini, hewa ikawa ile inayojulikana. Hakuweza kukunjua vidole. Batuli alivichukua mkononi mwake, akavinyoosha kimoja kimoja, akasema murakoze, asante ya Kirundi, kwa sababu Kiswahili chake chote kilikuwa kimemwishia. Mwalimu akaweka mfuko begani, akaanza kupanda mlima alioushuka, kwa miguu.

Mtoto alikuwa msichana. Walimwita Asiya. Alipotoka arobaini alikuwa na mashavu, na Batuli alisema kuna mtu mmoja asiyestahili kungoja zaidi kumwona. Akapanda naye mlimani, pamoja na Alimasi, Riziki, Athumani na kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwani.

Gaspari alikuwa shuleni. Aliyewapokea ni mama yake, mwanamke mrefu aliyekaa peke yake na mbuzi wawili. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, na Batuli Kirundi cha kuomba na kushukuru, lakini yule mama alijua habari yote. Alisema siku ile mtoto wake aliingia gizani, akashindwa kushika kikombe. Akamchukua Asiya magotini, akamfungua miguu, akaishika yote miwili ndani ya kiganja kimoja, akakaa hivyo muda mrefu.

Jua lilipoanza kuinama, Alimasi akawasha gari. Mama yule akamrudisha mtoto mikononi mwa Batuli, lakini mguu mmoja hakuuachia.

"Murudi," alisema. "Musingoje mutoto agonjwe."