Kofia ya Shemeji

Zakiya alifungua sanduku kwa mara ya nne tangu asubuhi, akatoa sweta, akaitazama, akairudisha palepale. Akaihamisha halua ya zawadi kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akaulizia pasipoti.

"N'nayo mimi, Mama," alijibu Nawar kutoka sebuleni. "Ulinipa jana. Na juzi."

Safari yenyewe ilikuwa ya siku nne tu. Nawar, binti yake wa pekee, mfanyakazi wa wizara asiyechukua likizo mpaka afukuzwe, ndiye aliyeipanga yote kwenye simu yake: kesho mchana ndege, halafu treni, halafu hoteli ndogo katika mji wa kale wa Kiingereza wenye nyumba za mbao zilizoinamiana kwa uzee, kanisa la mawe na soko la Jumamosi. Watapumzika, alisema. Watakula keki na kutazama mabata mtoni. Majirani wa Ghubra, mtaa wao wa Maskati, wakisikia kwamba Zakiya amekaa hewani kutwa nzima kwenda kutazama mabata, watakuwa na cha kuchekea mpaka mfunguo mosi.

Hata hivyo hakukataa, na sababu aliijua mwenyewe. Katika mji huo, mtaa wa pili kutoka sokoni kama hajahama, aliishi mdogo wake, Rawya. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na tisa.

Mama yao alifia hapa Maskati, alfajiri. Rawya alipiga simu kutoka Uingereza analia, anaomba wamngoje mpaka kesho asubuhi, usiku mmoja tu, auone uso wa mama yake. Wanaume wa ukoo walimtazama Zakiya, ndiye mkubwa. Naye akasema neno ambalo watu walimsifu kwalo: maiti hangoji. Baada ya sala ya adhuhuri wakazika. Rawya alifika kesho yake akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Alikaa matanga siku tatu bila kumtazama dada yake, na alipoaga alisema, "Ungekuwa wewe uliye njiani, ningekungoja." Zakiya naye, kwa kiburi cha ukubwa, akapiga marufuku nyumbani kwake: habari za huko asiletewe, ziwe za heri au za shari. Watu wakamtii. Ubaya wa kuwa mkubwa ni huo, unatiiwa hata ukisema upuuzi.

Sasa alilisukuma sanduku kwa mguu akachukua kikapu chake cha kazi. Zakiya alikuwa mshona kofia, kwa sindano na mkono, na tangu Nawar autaje ule mji, miezi minne nyuma, alikuwa akishona moja bila kumwambia mtu ni ya nani. Kitambaa cheupe, uzi wa rangi ya zabibu, mamia ya vitundu vilivyotobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi. Ilikuwa ya Humam, mume wa Rawya. Kumwendea mdogo wake mikono mitupu haikuwezekana, na kumpa zawadi mwenyewe mkononi hakuthubutu. Lakini shemeji ni mlango. Humam alikuwa mtu wa mzaha, hakosi kofia kichwani. Angeipokea, angeivaa, na Rawya angelazimika kuitazama kila siku.

Ilibaki kazi ya saa moja: kuufunga mshono wa ubavu na kuunganisha kifuniko cha juu. Hapo ndipo alipokwama tangu juzi. Mshono wa ubavu haufungwi mpaka kipimo kijulikane. Kofia ikizidi kidogo tu inashuka masikioni, ikipungua inakaa utosini kama ya kuazima. Humam alikuwa na kichwa kikubwa, walimtania sana siku ya harusi, lakini kukumbuka si kupima.

Alikwenda jikoni, akarudi. Alifungua dirisha, joto likamrudisha. Mwisho akapiga moyo konde.

"Nawar, nambari ya mamako mdogo unayo?"

Nawar alitokea mlangoni. "N'nayo. Lakini Mama, kabla hujapiga, kuna jambo..."

"Usinitie woga. Nipigie, nipe."

Simu ililia mara nne. "Haloo," ikasema sauti, na Zakiya nusura aitupe, kwani ilikuwa sauti ya mama yao hasa.

"Rawya. Mie Zakiya."

"Nakusikia, Da Zakiya."

"N'nashona kofia," alisema mbiombio, bila salamu wala hujambo. "N'nataka kipimo cha kichwa cha Humam. Mzunguko tu, juu ya masikio. Mpime, mie n'nangoja."

"Humam tumemzika, dada. Mwaka wa tatu huu."

Zakiya aligeuka akamtazama Nawar. Nawar alikuwa ameinamisha uso. "Ulitukataza mwenyewe, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ziwe za heri au za shari."

"Sikujua," Zakiya aliiambia simu. "Wallahi sikujua."

"Siku ya kwanza ya matanga nilisema, Da Zakiya akijua atakuja," Rawya alisema taratibu. "Siku ya pili nikasema, labda anajua. Siku ya tatu bado nautazama mlango."

Hapo Zakiya alilia, kilio kibaya cha mtu mzima asiyezoea. Alimlilia shemeji yake kwa kuchelewa miaka mitatu, na aliona aibu mbele ya mwanawe, na hakujizuia.

"Ilikuwa haki yako kungojwa," alisema alipoweza. "Usiku mmoja tu. Waliniuliza mie, Rawya. Ningesema ndiyo, wangekungoja."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nawar anasema huko kuna soko Jumamosi," Zakiya alisema, kwa kukosa la kusema. "Sijui kama nije."

Rawya hakujibu, wala hakukata simu. Kutoka upande wa pili zilisikika sauti za nyumba ambayo Zakiya hakuijua: maji yanamiminwa, kiti kinavutwa, mtu mmoja anakaa. Nawar alizima kiyoyozi ili mama yake asikie vizuri. Zakiya akajishusha sakafuni pembeni ya sanduku, simu sikioni, akangoja.