Upinde Usiooshwa

Mwaka ule tuliohamishiwa vijijini, nguruwe pori wa Handeni walikuwa na akili kuliko baadhi ya viongozi wetu. Walijua siku za mikutano. Sisi tukikaa kusikiliza hotuba, wao wako kwenye mihogo ya Ujamaa. Mmoja, dume lenye mapengo, alikuwa akija kwanza mkutanoni kupiga makofi ili asishukiwe. Anayebisha na abishe.

Aliyetuokoa ni mzee Semboja. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Yeye alisema ulikanyagwa na nyati, mimi nasema nyati wawili. Kwa hiyo kijiji kilimpa kazi ya kulinda mihogo badala ya kushika jembe. Silaha yake ilikuwa upinde wa marehemu baba yake, kitu pekee alichokumbuka kuchukua siku lori lilipotuzoa kutoka kwetu. Kabla ya kwenda kulinda aliupaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika, akauchora michirizi ya majivu, hata ukilazwa kwenye nyasi kavu huuoni. Nimewahi kuukalia nikidhani ni kijiti.

Akirudi, alikaa nje ya mlango akausugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, mpaka mti ubaki mtupu. Ndipo aingie nao ndani.

"Upinde wenye rangi bado uko mawindoni," alikuwa akisema. "Ukiuingiza nyumbani utawinda nani, kama si watu?"

Basi ikaja habari kwamba mgeni anatoka wilayani kutukagua. Mwenyekiti wetu, Mbaruku, alikuwa na debe la rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya ofisi. Akaamuru zana zote zipakwe: mipini ya majembe, mkokoteni, hata mizinga ya nyuki. Semboja alikuwa ameuegemeza upinde ghalani, kaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, ulikuwa unang'aa kama kasuku.

"Mwenyekiti, umenifanyia nini?"

"Si kila siku unaupaka ufanane na pori? Nimekusaidia. Pori si kijani?"

"Pori la wapi, ndugu? Kiangazi hiki mbuzi wanakula magome!"

"Mzee, usirudishe watu nyuma. Hiyo sasa ni zana ya kijiji."

Watu wakacheka. Mgeni akaja, akaushika upinde, akasema safi sana, akapanda gari na kuku wake wa zawadi.

Semboja akaanza kuutoa ule ukijani. Majani ya msasa yaliteleza. Mafuta ya taa yalimchubua vidole tu. Mwishowe akakwangua kwa kigae cha chupa, na kigae, kwa hasira za mshikaji, kikachimba mpaka kwenye mti. Rangi ikabaki mabaka mabaka. Akauchomeka nje, chini ya upenu.

Mawingu ya vuli yalipojikusanya, mkewe Hamisa alimsihi.

"Baba Tatu, uingize. Mvua hiyo."

"Haujaoshwa."

"Basi uoshe!"

"Kwani hunioni nafanya nini tangu ile siku?"

Hakuuingiza. Mvua ikanyesha, maji yakapenya kwenye mikwaruzo, na chini ya ile rangi hayakuwa na pa kutokea. Kwa nje kijani, kwa ndani umeoza.

Nguruwe walikuja mchana, tukiwa mkutanoni kama kawaida. Semboja akavuta. Upinde ukakatika pale pale kigae kilipochimba, kipande kikamrudia jichoni. Tulimkuta amekaa chini ameziba uso, nguruwe wanakula bila haraka.

Mbaruku alisema ni uzembe. "Jicho moja linatosha kuona magugu," akasema, akampa jembe, mpini wa kijani. Ule upinde akaufunga kwa waya, akaupaka tena, akautundika ukutani ofisini juu ya kiti chake, wageni wauone.

Tangu hapo Semboja alilima akikokota mguu, akigonga kila kisiki kilichokuwa upande wake wa giza. Na kila alipoitwa ofisini, alisimama nje juani.

"Ingia, mzee," walimwita. "Unaogopa nini?"

"Nitasikia nikiwa hapa hapa. Humo ndani kuna upinde haujaoshwa, na nyinyi mmekaa chini yake."

Wakacheka. Hakuna aliyeinua macho kuutazama.