Nyumba ya Pembeni mwa Bustani

Kasimu alipoiona ile nyumba ya zamani ya kampuni ya madini, kule mtaa wa Dilala, moyo wake ulitulia hapohapo. Upande mmoja iligusana na bustani ya watu wote. "Pale hakuna jirani wa kutusumbua," alimwambia mkewe Bilkisi. "Hewa safi, miti, batoto watacheza." Bilkisi, muuza vitenge, aliogopa makelele: maharusi wanaokuja kupiga picha, muziki wa Jumapili, walevi wa kukojolea ukuta. Mwishowe alikubali, kwa ajili ya kivuli.

Makelele hayakuja. Maharusi walipiga picha upande wa mbali, na watoto walichezea hukohuko. Karibu na ukuta wa nyumba nyasi zilikua bila kukanyagwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja pale, mwanamke mzima mwenye kitambaa cheusi kichwani, aliyeketi chini akiitazama nyumba.

Siku moja Bilkisi alikuwa akisali alasiri katika chumba cha nyuma. Paji la uso lilipogusa mkeka, alisikia mtu anagonga chini ya sakafu. Aligonga polepole, akanyamaza, akagonga tena, kama mtu anayetunza nguvu zake. Kasimu aliporudi na lori lake kutoka safari ya mji wa Sandoa alilaza sikio pale, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Lakini Bilkisi alisikia kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka sala ikawa inamtia baridi.

Ndipo akatoka, akaketi kwenye nyasi kando ya yule mwanamke.

"Mama, unatafuta nini ku nyumba yetu?"

"Mutoto yangu, Hénock," alijibu. Mwanamke huyo aliitwa Mujinga, jina la kwao. "Mwenye alikuwa anapanga mule alichimbisha shimo ndani ya chumba, kutafuta madini ya cobalt. Shimo ilienda mpaka chini ya bustani hii. Mvula ikanyesha, udongo ikaanguka, Hénock iko ndani. Yule mupangaji akamwanga sima ya kujengea juu. Akasema hamuna muntu ndani."

Bilkisi alimsogelea. "Mi niko nasikia muntu anagonga."

Mujinga hakulia. Alimshika mkono, akaushikilia sana. "Nilijua," alisema. "Kila muntu alisema mi ni wazimu."

Bilkisi akamwingiza ndani. Mama yule alijilaza kifudifudi, shavu kwenye sakafu, muda mrefu. Alipoinua uso ulikuwa umekunjamana. "Mi sisikie kitu. Anagonga?"

Bilkisi akainama kando yake. "Anagonga."

"Basi umuambie mama yake iko hapa."

Bilkisi akaweka mdomo karibu na sakafu, akamwambia.

Kasimu alitaka kuiuza nyumba. "Na mwenye atanunua, utamuambia nini?" mkewe akamuuliza. Mwishowe Kasimu alikwenda kuwatafuta vijana waliochimba pamoja na Hénock, akawaomba waje. Walivunja saruji, wakashuka taratibu, wakiegemeza magogo kila hatua. Walimpata amejikunja karibu na ukuta wa udongo, nyundo ingali mkononi. Mujinga aliutambua mkanda wake. Hénock alizikwa kwa nyimbo za kanisa lao, na Bilkisi alisimama kaburini na mtandio wake, akipokea pole kama ndugu.

Chumba kikanyamaza. Kwa juma zima Bilkisi alisali kwa amani, na Kasimu akaanza kuchagua rangi ya kupaka.

Kisha, akisujudu, akasikia tena. Safari hii sauti ilitoka mbali zaidi, upande wa bustani, na waliogonga walikuwa zaidi ya mmoja.

Alimfuata Mujinga nyumbani kwake, akamweleza. Mama yule alimkaribisha kiti, mwenyewe akaketi mkekani.

"Bengine benye balichimba naye balitoka mbali," alisema. "Kasai, Kivu. Bamama yabo habajue hata kama bako huku."

Bilkisi alivua viatu, akaketi naye mkekani. Mujinga akaanza kukumbuka majina, kila jina alilowahi kusikia Hénock akiwaita wenzake wa shimoni, na wote wawili wakayarudia kwa sauti ili yasipotee.