Kidonge cha Asubuhi

Sonia alikuwa na miaka minane, na katika darasa la tatu la shule yao huko Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hapakuwa na mtoto aliyemchosha mwalimu kama yeye. Hakuwa mgomvi wala mtukanaji. Kukaa tu ndiko kulikomshinda. Mwalimu akigeukia ubao, yeye keshasimama. Akiuliza swali, jibu limemtoka kabla swali halijaisha, na mara nyingi lilikuwa jibu la swali jingine. Akianza kuandika, jicho linavutwa na mjusi ukutani, na sentensi inabaki bila mkia.

Tena alikuwa akijikuna. Alijikuna ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, mahali ambapo ngozi ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka. Pua nayo ilimwasha, akawa anaisugua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, hata mstari mwembamba ukajichora juu yake. Mama yake, Nabintu, mchuuzi wa ndagaa wakavu katika soko la Base Camp, alikuwa ameuzoea mstari ule mpaka akausahau. Mikuno ya usiku ndiyo iliyomsumbua, kwa kuwa walilala kitanda kimoja.

Siku moja Mwalimu Libère alimfuata sokoni. Alikuwa Mrundi, mkimbizi kama wao, mtu wa maneno machache.

“Mama Sonia, sikuja kumshtaki mtoto,” alisema. “Nimekuja kukuuliza wewe, maana mimi nimeshindwa. Nina watoto mia na kumi. Nikimwangalia yeye, wengine nimewapoteza.”

“Haiko mukaidi, Mwalimu,” Nabintu akajibu. “Hata ku nyumba iko vile. Nikimutuma maji, anarudia na maua mukononi, bidoni imebakia ku bomba.”

“Na huku kujikuna?”

“Ile alianza akiwa mutoto mudogo, tukiwa bado Kongo.”

Hakuna aliyeona kuwa mambo hayo mawili yanahusiana. Libère aliaga, akarudi shuleni.

Jioni ile Nabintu alikwenda kwa Godeberthe, jirani aliyewahi kusaidia katika zahanati kwao Burundi na ambaye sasa alikuwa na kiduka cha dawa. Alimweleza habari ya kujikuna tu; ya shule aliinyamazia. Godeberthe akampa vidonge vidogo vya njano.

“Ni vya kuwashwa. Kata nusu, umpe akienda kulala. Siku tano, basi.”

Sonia alilala usiku ule kama gogo, na asubuhi hapakuwa na damu kwenye shuka. Siku ya nne Nabintu akapata wazo ambalo hakupewa na mtu yeyote: kama nusu ya usiku ilituliza mwili, nusu ya asubuhi ingetuliza na kichwa. Akamnywesha na uji.

Siku hiyo Sonia alikaa. Alikaa tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na kesho yake pia. Libère alipita sokoni kusema ahsante. Wanawake waliokuwa wakimtazama Nabintu kwa jicho la pembeni kanisani, kila Sonia alipokimbia katikati ya sala, sasa walimwuliza siri yake. Tangu avuke mpaka, ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa kwa malezi. Sifa ni tamu. Alipoona nusu imeanza kuisha nguvu, akampa kizima. Siku tano zikawa wiki tano, na vidonge vilipokwisha alinunua vingine duka la mbali, ili Godeberthe asihesabu.

Mtihani ulipofanyika, Libère alimwita shuleni. Alitoa karatasi mbili. Ya zamani ilijaa maandishi yaliyopinda, alama za kufutafuta, na mchoro wa mjusi pembeni. Majibu saba kati ya kumi yalikuwa sahihi. Ile mpya ilikuwa safi. Juu kabisa paliandikwa “Son”, na kalamu iliishia hapo.

“Hata jina hakulimaliza,” alisema Libère. “Mama Sonia, mtoto anakaa kimya, lakini hayupo. Analala macho wazi. Je, anaumwa?”

Nabintu alisema labda ni malaria. Nyumbani alimkuta Sonia ameketi mlangoni, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele. Kuku alipita miguuni pake, naye hakumfukuza wala hakumfuata. Nabintu alimtazama kwa kitambo. Kisha akaingia ndani, akachukua vile vidonge, akavitupa chooni.

Kesho yake alimpeleka kliniki ya Base Camp, na mganga wa pale akawaandikia barua ya kwenda kwa daktari wa watoto mjini Mbarara. Wiki iliyofuata walipanda gari kituo cha Rwekubo alfajiri, na saa nne walikuwa wameketi mbele ya Daktari Kyomugisha. Mama huyu Mnyankole alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, kwa kuwa baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini.

Alimkagua Sonia viwiko, magoti, pua na kifua. Akauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye pumu. Nabintu akasema marehemu baba wa mtoto alikuwa nayo. Sonia, ambaye sasa alikuwa na siku nane bila kidonge, alikuwa amekwisha kufungua droo mbili.

“Dawa gani umeshapea yeye?” daktari aliuliza.

Nabintu aliinama. “Ile ya njano. Ya mangaribi ilikuwa ya kujikuna. Ya asubui…” Kisha akasema yote. “Ya asubui nilikuwa namupatia juu aikale kimya. Mwalimu alikuwa anafurai. Na mimi nilikuwa nafurai.”

Alingoja kugombezwa. Daktari aliandika kwanza, kisha akaweka kalamu chini.

“Hiyo dawa inaleta usingizi, Mama. Ulitoa mwasho, lakini ulilaza na kichwa. Ya asubuhi sipendi kusikia tena.”

“Basi ile kujikuna njo inamufanya asitulie?”

“Nitakwambia ile tunajua na ile hatujui. Watoto wenye ngozi hii, pua hii, pumu, wengi kushinda wengine wako na shida ya kutulia pia. Hiyo tumeona. Kwa nini, hatujajua yote. Usingizi iko ndani. Mtoto akijikuna usiku mzima, kesho atakaa namna gani? Lakini si wote. Mwingine iko na magonjwa mbili kweli kweli. Kwa hivyo tutibu ngozi na pua kwanza, alale vizuri. Halafu tuone nini inabaki.”

Aliwapa mafuta ya ngozi, na dawa nyingine isiyoleta usingizi. Akamwagiza Nabintu ampake mafuta mtoto kabla maji ya kuoga hayajakauka mwilini, aondoe godoro la majani, na amweke mbali na moshi wa kuni. Warudi baada ya miezi miwili, na barua ya mwalimu.

Nabintu alimwendea Libère na kumwambia ukweli wote, akiwa amesimama. Libère alifuta chaki vidoleni.

“Na mimi nilikuona mwerevu,” alisema. “Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujua. Tumekosa wote wawili.” Alimhamishia Sonia dawati la mbele, akampa kazi ya kugawa na kukusanya madaftari, apate kisa cha kusimama.

Miezi miwili ilipita. Ngozi ilipona, ikabaki alama tu. Sonia alilala usiku kucha, na hasira alizokuwa akiamka nazo zikapungua. Maandishi yalirudi, yamepinda vilevile. Lakini bidoni za maji ziliendelea kubaki bombani, na barua ya Libère ilisema waziwazi: anasoma vizuri zaidi, bado hawezi kukaa.

Daktari Kyomugisha aliisoma, akauliza maswali mengi, akamtazama Sonia akicheza. Kisha akasema kwamba ile shida ya pili, ya kutotulia, ipo kweli, na ina jina, na Nabintu hakuisababisha. Ilikuwa na kliniki yake, kila Alhamisi, na pale wangefundishwa namna ya kumsaidia. Dawa yake ingezungumzwa baadaye, kama ingehitajika.

Nabintu aliitikia. Alikuwa ameomba kila siku kwamba shida moja ikiondoka ingeibeba na nyingine. Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akaomba aandikiwe tarehe.

Alipotoka, Sonia hakuwa nyuma yake. Mwisho wa korido nesi mmoja alikuwa amemshika mkono, kwa kuwa alikuwa akiwapanga wagonjwa upya kwenye benchi, warefu huku, wafupi kule.

“Huyu mtoto ni ya nani?” nesi aliuliza kwa ukali kidogo.

“Iko yangu,” alisema Nabintu, akaenda kumchukua.