Moshi Ulioachwa Kwenye Picha

Kifutio alikuwa akifuta watu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kikombe cha chai, maana kalenda ya picha ilitakiwa kiwanda cha uchapaji kabla ya mwisho wa wiki. Shirika la kuhifadhi msitu lilimpa chumba kati ya stoo na choo, chenye kompyuta kubwa, pazia zito na feni inayolalamika. Jina la utani alilipata humo humo kazini, na alilistahili. Akishakutoa kwenye picha, hata mama yako mzazi angeapa kwamba hukuwepo.

Asubuhi hiyo alimfuta bibi mmoja aliyeinamia chungu mbele ya kibanda, ukingoni mwa mto. Kibanda nacho akakifuta. Mahali pao akabandika kichaka alichokinakili kutoka pembeni, pamoja na tawi lake lililovunjika, kisha akaenda kuongeza sukari kwenye chai. Aliporudi alimkuta bibi amekaa kwenye kiti chake, anatema jani.

"Shikamoo, bibi," alisema Kifutio.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenijaza majani mdomoni."

"Samahani. Nilikuwa na haraka."

"Nimeona. Na hiyo chai unainywa peke yako?"

Kifutio akampa kikombe, akageuza ndoo na kuikalia. Bibi hakuwa wa kwanza kuja. Mwaka uliopita wachungaji wawili waliofutwa kwenye picha ya twiga walikuwa wakilala ukumbini wakisubiri kuambiwa la kufanya, mpaka shirika likawapa sare za ulinzi. Sasa ndio waliokuwa wakifungua geti.

Bibi alimaliza chai yote ndipo akatoa la moyoni. Mzee wake alikuwa amevuka mto tangu alfajiri, na jioni angerudi na njaa zake. Akikuta kichaka badala ya mke na chungu, atafikiri nini?

"Yule nimeishi naye tangu hana ndevu," alisema. "Hajui hata chumvi inakaa wapi. Nirudishe."

Kifutio hakuwa na roho mbaya. Alibonyeza kitufe, kiti kikabaki kitupu, na kwenye picha bibi akaonekana tena ameinamia chungu chake.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoingia bila hodi. Alikuwa mama mpole aliyeupenda msitu kwa dhati. Akiona mti umekatwa, machozi yalimlengalenga. Aliitazama picha, akaweka mkono kifuani.

"Jamani, huyu bibi bado yupo?"

"Anakaa pale, bosi. Hata wazazi wake wamezikwa pale pale."

"Najua, mwanangu. Lakini wafadhili wakiona mtu watauliza kama ni kwake, na uzio tumeshauagiza. Mtoe, tafadhali. Kwa upole."

Kifutio akamtoa kwa upole. Bibi akatokea tena kitini, mwiko mkononi, amefura kwa hasira.

"Ndiyo kwanza nilikuwa naonja!"

Mkurugenzi alimwamkia kwa heshima zote, akamuulizia hali ya magoti, akaagiza aletewe takia la kuegemea. Kuhusu kurudi, alisema haiwezekani.

"Una adabu nzuri, binti," alisema bibi. "Ila kichwa kigumu, hata mume wangu afadhali." Kisha akamgeukia Kifutio. "Basi moshi wangu usiufute. Akipotea huwa anaufuata huo."

Kifutio aliuacha. Ulipanda juu ya kichaka, mweupe, umetulia. Mkurugenzi alidhani ni ukungu wa asubuhi, akausifu, akaamuru picha hiyo ikae kwenye jalada. Kalenda ikachapwa, na picha ikishachapwa hakuna kitufe cha kuirudisha nyuma.

Bibi akahamia kwa Kifutio. Mke wa Kifutio, fundi cherehani, alimshonea magauni, akamwachia kitanda kizuri. Kila siku bibi alifuatana na Kifutio kazini, akakaa kwenye takia lake na kumsema: hali chakula vizuri, anapinda mgongo, anafuta watu bila hata kuwauliza majina. Kifutio hakuwahi kuwa na bibi, na alifurahi kusemwa. Siku nyingine aliacha chakula makusudi ili asikie maneno.

Ila jua likianza kuteremka bibi aliacha kumsema, akageukia dirisha.

"Sasa hivi ndiyo anarudi," alisema.

Kifutio aliumia moyoni.

Uzio ulipokamilika, mpigapicha wa shirika alileta picha mpya. Pale ukingoni mwa mto palikuwa na vichaka viwili vilivyofanana jani kwa jani, kila kimoja na tawi lake lililovunjika. Mbele ya kichaka cha pili, kile alichokibandika Kifutio, alikaa mzee mwenye kofia ya ngozi, kibuyu magotini, akiutazama moshi uliopanda mahali pasipo na moto.

"Nilimwomba asogee," alisema mpigapicha. "Akakataa. Eti anamsubiri mkewe."

Bibi alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha kompyuta.

"Amekonda," alisema.

Agizo la Mkurugenzi lilikuwa lile lile. Kifutio akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Huyu simfuti, bibi. Ndiye aliyebaki. Nikimtoa watasema hamkuwahi kuwepo."

"Walishasema, mjukuu wangu."

"Akiwepo, angalau atawabishia."

"Na nani wa kumsikiliza? Nyie mko huku. Yeye yuko kule na njaa." Bibi alimshika bega. "Nampenda yule mzee. Mfute."

Kifutio alimfuta taratibu, akianzia miguuni na kumalizia kwenye kofia, huku machozi yakimtoka wazi wazi. Muda mfupi baadaye mlango ukagongwa. Mzee aliingia, akamtazama mkewe na gauni lake jipya.

"Chakula kiko wapi?" aliuliza.

"Kimeungua. Kaa."

Akamwachia nusu ya takia, wakabanana. Bibi akamkung'uta majani mabegani, hakuona haja ya kuacha kumshika. Mzee akafungua kibuyu kilichojaa asali, akamwonjesha mkewe kwanza, kisha Kifutio.

Mkurugenzi alipopita alimwamkia mzee, naye akakaribishwa. Alilamba kidole, akafumba macho.

"Asali gani hii, mzee wangu! Umeitoa wapi?"

"Kwangu," alisema mzee, akaonyesha picha kwenye kioo.

Mkurugenzi akaitazama kwa upendo, mto wote na miti yote, akasema sasa haina dosari, ipelekwe kiwandani.