Zamu ya Sajini

Sajini alipovuka kizingiti cha kinyozi, kicheko kilikatika kama uzi. Wanaume wanne waliokuwa kwenye benchi wakakunja miguu kumpisha.

"Pita mbele, afande," alisema kinyozi, akikung'uta kiti.

Ilikuwa hivyo tangu mwezi wa tatu. Zamani, hata baada ya kuvaa sare, Sajini alingoja zamu kama wenzake, nao walimwita Kibuyu kwa ajili ya kichwa chake, wakamtania hadi machozi ya kicheko yakamtoka. Kisha akamkamata mdogo wa fundi viatu, mmoja wa wenzake hao, kwa kosa la mtu mwingine, akamweka mahabusu siku tisa, akamfungulia mlango pasipo neno. Tangu hapo hakuna aliyemtania, wala aliyemtangulia kitini. Heshima hiyo ilikuwa jino la pembe, haikuziba pengo. Kila Jumamosi alinyolewa upesi, akatoka, na akiwa barabarani alikisikia kicheko kikianza upya nyuma yake.

Leo fundi viatu mwenyewe alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Sajini akavua kofia. Hakukiendea kiti.

"Nitangoja."

"Afande, kiti ki wazi."

"Nimekiona." Akamgeukia fundi viatu. "Mdogo wako hakuwa na hatia. Nililijua hilo siku ya pili. Niliona haya kukiri mbele ya wakubwa wangu, nikamwacha ndani siku saba zaidi. Nimekosa."

Mashine ilikuwa ikinguruma bure mkononi mwa kinyozi, akaizima.

"Umeniambia mimi," alisema fundi viatu. "Mwenyewe yuko nyumbani. Mlango waujua, uliupiga teke."

"Nikitoka hapa nitakwenda."

"Na safari hii?"

"Nitabisha hodi. Asipofungua, nitarudi kesho."

Fundi viatu akainuka. Akampita bega kwa bega, akaketi kitini.

"Ninyoe. Zamu ni yangu." Akamwambia Sajini kupitia kioo, "Nawe kaa. Mbele yako wapo watatu."

"Afadhali awe wa mwisho," muuza nyama akanong'ona pale kwenye benchi. "Kichwa kile kitatuchoshea mashine."

Mmoja akaguna, akaumeza mcheko.

Sajini akaketi ukingoni mwa benchi, kofia magotini, akitega sikio. Jina lake la zamani halikutajwa. Akasogea kidogo, akangoja.